Someni Pamoja, Lakini Kila Mmoja Ajisomee



Siku moja tulipomaliza sala ya Jumuiya hapa mjini Lamu, mama mmoja alibaki nyuma akinisaidia kukunja mikeka. Alipoona tumebaki peke yetu akaniuliza: "Katekista, mimi na mume wangu tunahudhuria Jumuiya mwaka wa kumi na moja huu. Biblia tunayo, tena kubwa. Tumesoma mengi. Mbona tukifika nyumbani tunagombana vile vile kama watu wasioijua?"

Nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba nitalifikiria. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo pale pale, ila niliona aibu kulitoa, kwa sababu lilitoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Baadaye nilimwomba mke wangu ruhusa ya kuliandika katika ukurasa huu. Akanijibu: "Andika, ila usijipambe." Basi nitajaribu.

KUJUA MISTARI SI KUKOMAA

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, Wakristo waliokuwa na karama nyingi na maneno mazuri. Hata hivyo aliwaambia kwamba hawezi kusema nao kama watu wazima wa rohoni, bali kama watoto wachanga ambao bado wako kwenye maziwa. Aliwapima kwa kipimo gani? Hakuwauliza wamekariri mistari mingapi. Aliangalia wivu na ugomvi uliokuwa kati yao (1 Kor 3:1-3).

Waraka kwa Waebrania nao unaongeza kwamba mtu mzima katika imani ni yule ambaye, kwa kujizoeza, amefundisha akili zake kupambanua mema na mabaya (Ebr 5:14). Angalieni neno hilo: kujizoeza. Mtu hakomai kwa kusikia mara moja, wala kwa semina ya siku tatu. Hukomaa kama fundi anavyokomaa katika kazi yake, kwa kuifanya leo, kesho na keshokutwa.

Kwa sisi tuliofunga ndoa, kipimo cha ukomavu wetu hakiko kanisani. Kanisani kila mtu amevaa vizuri na ameketi kwa adabu. Kipimo kiko nyumbani, pale ambapo fedha zimekosekana, mtoto ana homa, na mwenzio amesema neno lililokuchoma. Unajibu nini wakati huo? Jibu lako ndilo linaloonyesha Neno la Mungu limefika wapi ndani yako.

NILIYOYAFANYA MWAKA 2014

Mke wangu kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi, na kila wiki aliweka akiba kidogo katika kasha letu la nguo. Fedha hiyo ilikuwa ya binti yetu wa kwanza, aliyekuwa darasa la nane, ili Januari 2015 aingie kidato cha kwanza. Kufika Aprili 2014 ilikuwa shilingi 28,000.

Rafiki yangu mmoja, mvuvi, alinijia. Alitaka kununua mashine ya boti na fedha zake zilipungua. Aliniahidi kwamba kila usiku wa uvuvi nitapata fungu langu, na kabla ya Desemba fedha yangu itakuwa imerudi na faida juu. Nilifungua kasha nikatoa zote. Sikumwambia mke wangu. Nilijidanganya kwamba nataka kumfurahisha kwa ghafla. Kumbe moyoni nilijua kwamba nikimwambia atakataa.

Wasomaji wengi mnakumbuka yaliyotupata mwaka ule. Mwezi wa Juni watu wenye silaha walishambulia Mpeketoni na vijiji vya jirani, wakaua watu zaidi ya 60. Mwezi wa Julai serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti yetu ya Lamu. Wavuvi wa usiku wakafunga boti zao. Mashine ikakaa bure, deni la dukani likamkaba rafiki yangu, naye akaiuza kwa hasara. Mke wangu alipata habari sokoni kutoka kwa mke wa rafiki yule, ambaye alidhani anajua.

Alirudi nyumbani, akafungua kasha, akaangalia ndani, akalifunga. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Baba Watoto, ni kweli?"

Hapo, wapendwa, ndipo nilipotenda kosa la pili, na kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza. Sikuomba msamaha. Nilichukua Biblia, ile ile ninayowafundishia wakatekumeni, nikafungua Waraka kwa Waefeso sura ya 5, nikamsomea kwa sauti habari ya wake kuwatii waume zao. Nilianzia mstari wa 22. Mstari wa 21, unaotuagiza sote kunyenyekeana kwa kumcha Kristo, niliuruka. Na mstari wa 25, unaomtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa, sikuufikia.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema: "Hiyo umenisomea mimi. Wewe utajisomea lini?" Akaingia ndani. Ufunguo wa kasha akaufunga kwenye kamba, akauvaa shingoni. Tangu siku ile tukawa tunazungumza habari za chakula na watoto tu.

USIKU WA TAREHE 4 SEPTEMBA

Kabla ya amri ile, Jumuiya yetu ilikuwa ikikutana kila Alhamisi jioni. Sasa haikuwezekana tena. Jua likikaribia kutua, milango inafungwa. Hakuna kwenda barazani, hakuna Jumuiya, hakuna kisingizio cha kumtoroka mwenzio. Tulikaa ndani watu watano, watoto wakitutazama kwa zamu, mimi na mama yao.

Alhamisi tarehe 4 Septemba binti yetu akasema: "Baba, leo ni siku ya Jumuiya. Kwani amri imekataza na kusoma ndani?" Mama yake akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Binti akachukua Biblia akasoma masomo ya Dominika iliyokuwa inakuja, Dominika ya 23 ya Mwaka A. Alisoma vizuri, bila kujua anachokifanya. Katika somo la pili Mtume Paulo anawaambia Warumi wasiwe na deni lolote kwa mtu, isipokuwa deni la kupendana (Rum 13:8). Katika Injili Bwana anafundisha kwamba ndugu akikukosea, umwendee kwanza mkiwa ninyi wawili tu, peke yenu (Mt 18:15).

Mimi ndiye niliyezoea kufafanua masomo. Usiku ule sikufafanua kitu. Lile neno "deni" lilikuwa linaniita kwa jina langu.

Watoto walipolala nilimwambia mke wangu: "Mama Watoto, niliiba." Sikusema nilikopa, wala sikusema mambo yaliniharibikia. Yeye akajibu: "Nimesikia." Hakusema zaidi, wala hakunisamehe usiku ule, nami sikuwa na haki ya kumdai msamaha.

Baada ya siku nane hivi, tukiwa tunasoma tena, akasema bila mimi kumuuliza: "Injili ile inasema umwendee mwenyewe kwanza, peke yenu. Mimi baada ya siku ile ya kasha niliwaeleza wanawake wenzangu kisimani kila kitu, nikakutangaza mji mzima, na wewe sijakwambia hata nusu ya kinachoniuma. Na mimi nimejisomea."

Sitawaambia kwamba mambo yalinyooka mara moja. Binti yetu aliripoti shule akiwa amechelewa wiki tatu, na mpaka leo hilo linaniuma. Nilirudisha fedha ile kwa vibarua vya uashi kwa muda wa miaka miwili. Imani ya mke wangu ilichelewa kurudi kuliko fedha. Lakini kusoma hatukuacha. Kila jioni baada ya chakula, dakika kumi hivi. Siku moja mwaka 2017 nilikuta ufunguo wa kasha umewekwa juu ya meza, kamba yake imefunguliwa. Hakuna aliyesema neno. Nilikaa pale nikalia.

NENO LINAPOKUWA FIMBO

Sasa namjibu mama yangu wa Jumuiya. Mnasoma mengi na hamkomai kwa sababu, kama mimi nilivyofanya, mnamsomea mwenzenu. Mume akisikia mahubiri juu ya ulimi, anamtazama mkewe. Mke akisikia juu ya ulevi, anamkanyaga mumewe mguu. Kila mmoja anabeba Neno la Mungu kumpelekea mwingine, na mwenyewe anarudi mikono mitupu.

Kumbukeni kwamba Ibilisi naye anayajua Maandiko. Alipomjaribu Bwana wetu jangwani alimtajia Zaburi (Mt 4:6). Maneno aliyoyataja yalikuwa ya kweli, lakini aliyatumia kwa nia mbaya. Basi kujua mahali mstari ulipo si dalili ya utakatifu. Yafaa tujiulize tunautumia kwa nia gani.

Tena mkumbuke habari ya mfalme Daudi (2 Sam 12). Alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua mwenye mke. Nabii Nathani akamletea hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi alipandwa na hasira, akataka tajiri huyo afe. Aliona haraka sana kosa la mtu mwingine! Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ndiye yeye mwenyewe. Wokovu wa Daudi ulianza dakika ile alipoacha kuhukumu mtu wa hadithi na kukubali kwamba hadithi inamhusu.

Mtume Yakobo analifananisha Neno na kioo (Yak 1:23-25). Kioo ni cha kutazama uso wako mwenyewe. Ukichukua kioo ukamwelekezea mwenzio usoni kila siku, utamchosha, na tope lililo katika uso wako halitaondoka.

Hapa lazima niongeze jambo moja, lisije likachukuliwa vibaya. Kujisomea mwenyewe hakuna maana kwamba mke anayepigwa, au anayeishi kwa vitisho, akae kimya akitafuta makosa yake katika Biblia. Hapana. Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia alilaani waziwazi ukatili dhidi ya wanawake, na akasema kwamba mara nyingine kutengana huwa ni wajibu ili kumlinda mnyonge na watoto wasidhurike. Anayeteswa atoke mahali pa hatari, amwone padre na watu wa kumsaidia. Mume anayetumia Maandiko kuhalalisha ngumi zake anafanya kazi ya yule mjaribu wa jangwani.

KWA NINI KILA SIKU?

Wengine husema: "Katekista, sisi tunasikia masomo kila Dominika. Hayatoshi?" Nitajibu kwa jambo tunaloliona hapa kisiwani. Sisi tumezungukwa na bahari pande zote, mto hatuna. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka katika visima vya Shela, kule kwenye vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha juu ya mchanga ule, haionekani ilikokwenda. Inanywea polepole, inachujika, inakaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Miezi ya kiangazi, mvua imekatika, sisi tunateka na kunywa.

Nabii Isaya anasema Neno la Mungu ni kama mvua hiyo, ishukayo na kuinywesha nchi, wala hairudi bure (Isa 55:10-11). Unaposoma aya chache jioni huoni mabadiliko. Kesho yake pia huoni. Lakini inanywea. Siku ya ukame katika ndoa yenu, siku ya hasira au ya msiba, utashangaa unateka neno ambalo hukujua limo ndani yako. Na kama hukuweka kitu, utateka chumvi. Mimi siku ile mke wangu aliponiuliza "ni kweli?" niliteka chumvi, ingawa nilikuwa katekista. Nilikuwa nimesoma kwa ajili ya kufundisha tu. Sikuwahi kusoma ili ninywe mwenyewe.

Kanisa linatuagiza jambo hilo hilo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo wa Kimungu, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, inawahimiza waamini wote, si mapadre na watawa peke yao, wasome Maandiko mara kwa mara, na usomaji huo uende pamoja na sala. Inakumbusha fundisho la Mtakatifu Yeronimo kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka Dominika ya tatu ya kipindi cha kawaida cha mwaka iwe Dominika ya Neno la Mungu. Lakini siku hiyo moja ni ya kutuamsha tu, ili siku nyingine zote zifuate.

Tuwatazame pia majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa visiwani. Watoto wao huenda chuoni siku kwa siku kujifunza kusoma Kurani, na hakuna mzazi anayesema mara moja kwa wiki inatosha. Bila kukusudia wanatufundisha uaminifu. Je, mtoto wetu ametuona sisi wazazi wake tukifungua Kitabu chetu?

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuona uchungu zaidi Biblia inapokaa na vumbi kabatini. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwezi wa Juni 1844. Mwezi uliofuata alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na kaburi lao lipo upande wa Nyali hadi leo. Hakuacha kazi ile. Neno tunaloweza kulisoma leo kwa lugha yetu, watu waliligharamia.

NAMNA YA KUSOMA NYUMBANI

Katika Jumuiya zetu wengi mnajua Hatua Saba za kushirikishana Injili, zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Nyumbani kwetu tumezifupisha hivi, nanyi mnaweza kujaribu:

1. Chagueni saa moja isiyobadilika. Kwetu ni baada ya chakula cha jioni, kabla vyombo havijaoshwa. Simu ziwekwe mbali, isipokuwa ile mnayosomea kama hamna Biblia.

2. Mmoja amkaribishe Bwana kwa sala fupi ya maneno yake mwenyewe.

3. Someni aya chache, kumi hivi zinatosha. Leo mume, kesho mke, keshokutwa mtoto. Kisha zirudieni polepole.

4. Kaeni kimya dakika mbili au tatu. Mwanzoni kimya hiki kitawatisha. Zoeeni.

5. Kila mmoja aseme neno lililomgusa. Hapa kuna sheria moja tu ambayo haivunjwi: useme "mimi", usiseme "wewe". Usiseme "Umesikia maneno hayo?" Sema "Neno hili limenigusa kwa sababu jana nilifanya hivi." Asiyekuwa na la kusema asilazimishwe.

6. Malizeni kwa kuombeana na kwa Baba Yetu.

Mwanzie wapi? Anzeni na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu. Halafu someni kitabu cha Ruthu, sura 4, mwone uaminifu wa mkwe kwa mama mkwe. Kisha Tobiti, sura 14, na hasa sura ya 8, ambapo Tobia na Sara wanasali pamoja usiku wa arusi yao kabla ya jambo lolote. Hakikisheni Biblia yenu ni ile yenye vitabu vya Deuterokanoni, maana nyingine hazina Tobiti. Baadaye mwaweza kufuata masomo ya Misa ya kila siku, ili msome pamoja na Kanisa lote. Mkikutana na mahali pagumu, msivutane. Andikeni swali, mkamuulize padre au katekista wenu.

VIZUIZI

"Mwenzangu hajui kusoma." Mtume Paulo anasema imani huja kwa kusikia (Rum 10:17). Msomeeni kwa upole, mmpe nafasi ya kusema sawa na wengine. Nimeona wazee wasiojua herufi moja wakilielewa Neno kuliko mimi niliyemaliza sekondari.

"Mume wangu yuko baharini wiki nzima," au "mke wangu yuko kazini mji mwingine." Kubalianeni sura moja, kila mmoja aisome alipo, kisha mpigiane simu mwambiane neno moja tu lililowagusa.

"Mwenzangu hataki." Usimkokote, wala usimhubirie. Soma wewe, kila siku, bila kujionyesha. Akiona umekuwa mpole zaidi ataanza kuuliza. Akiona umekuwa mkali zaidi na mwenye kujihesabia haki, atakuwa na sababu ya kukaa mbali.

"Tumegombana leo, hatuwezi kusoma." Hiyo ndiyo siku ya kusoma. Kaeni hivyo hivyo na vinyongo vyenu. Msisubiri muwe watakatifu ndipo mfungue Kitabu. Sisi tulianza tukiwa hatusemezani.

MWISHO

Katika Matendo ya Mitume tunakutana na mume na mke, Akwila na Priskila. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, watu wa kazi za mikono kama sisi. Apolo, msemaji hodari aliyejua Maandiko, alipohubiri, wao waligundua kwamba elimu yake bado ina upungufu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo 18:26). Huo ndio ukomavu. Hawakuupata kwa siku moja. Naamini waliupata jioni baada ya jioni, wakiwa wamekaa pamoja kati ya vitambaa na sindano zao, na Neno kati yao.

Mama yangu wa Jumuiya, Biblia yako kubwa ni nzuri. Leo jioni ifungueni. Msome pamoja, lakini kila mmoja ajisomee.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili:

1. Je, kuna mstari wa Biblia ambao nimewahi kuutumia kumpiga nao mwenzangu? Niko tayari kumwomba msamaha?

2. Katika nyumba yetu kuna "deni" gani ambalo bado halijatajwa kwa jina lake?

3. Ni saa gani ya siku tunayoweza kumpa Bwana dakika kumi bila kukosa?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wale wanafunzi wawili njiani kwenda Emau ukawafafanulia Maandiko, kaa nasi jioni hii nyumbani mwetu. Tunyamazishe, ili tukusikie. Tuonyeshe kwanza makosa yetu wenyewe, kisha utupe moyo wa kusameheana. Neno lako linywee ndani yetu siku kwa siku, hata siku ya ukame tuwe na maji ya kunyweshana. Amina.

Wenu katika Kristo,
Katekista, Lamu